Maji Yalikwenda Wapi?



Katika mwezi wa Muharram wa mwaka 1446, ambao uliingia Julai 2024, wakati ambapo baridi ya mlimani hutushukia sisi wakazi wa Rau alfajiri hata vidole vikafa ganzi, maji ya nyumbani kwetu yalipungua nguvu. Hayakukatika. Lau yangalikatika tungalijua la kufanya, kwani maji yakikatika watu hutoka na ndoo, na majirani wote huwa katika hali moja. Haya yalikuwa yakija, lakini yakija kama mtu aliyeitwa naye hataki. Madrasa yetu imo katika ua mmoja na nyumba yetu; basi wanafunzi walijipanga mbele ya mabomba manne ya kutawadhia, na wa nyuma walifikiwa na zamu hali Imamu amekwisha inuka kwa rakaa ya pili. Upande wa nyumba, kile chombo cha juani cha kupashia maji, tulichokiweka juu ya paa kwa ajili ya mama yetu mzee ambaye mifupa yake haistahimili baridi, kilitoa maji ya moto tone baada ya tone, mpaka beseni lijae maji yamekwisha poa.

Tumeona vyema kuwasimulia jinsi tulivyoitafuta sababu ya jambo hili, pamoja na jinsi tulivyoitafuta vibaya hapo mwanzo. Katika jambo hili limo la mabomba, na limo la ulimi wetu.

Jambo la kwanza tulilofanya halikuwa kutazama, bali kushuku. Bomba letu na bomba la jirani yetu, mama mmoja mjane anayefuga ng'ombe wawili wa maziwa, hutoka katika laini moja nyembamba ya chuma iliyotandazwa zamani kando ya njia. Sisi tuko katikati ya laini, yeye yuko mwisho. Tulimwona anaamka usiku wa manane, taa inawaka uani kwake, na sauti ya ndoo inasikika. Tukakata shauri kwamba ametia pampu ya kunyonyea maji katika laini, kama wafanyavyo watu wengine mijini, naye ndiye anayetuacha wakavu. Jambo hili hatukulithibitisha, wala hatukumwuliza. Tulilisema siku ya Ijumaa pale pale mahali pa kutawadhia, mbele ya watu wapatao kumi, tena kwa sauti ya mwalimu, ambayo huchukuliwa kuwa kweli.

La pili, tuliita fundi. Tulimwambia maji hayana nguvu, naye akasema tangi liko chini mno, liinuliwe. Hapana budi tuseme kidogo juu ya urefu, maana hapa ndipo tulipotumia fedha bure. Maji yetu ya Moshi kwa sehemu kubwa hutoka katika chemchemi za mitelemko ya Kilimanjaro nayo hushuka kwa uzito wake yenyewe. Wala uzito huo si siri, kwani kila mita 10 za kimo cha maji hutoa presha ya kadiri ya baa 1, ambayo ni kama kilo 1 ikikandamiza kila sentimita moja ya mraba. Kwa hiyo tangi lililoinuliwa kwa mita 1 huongeza sehemu moja ya kumi tu ya baa. Mtu hawezi kuihisi katika kiganja. Na lililo baya zaidi ni hili: tangi hilo hujazwa na maji ya laini, na maji ya laini sasa yalitakiwa kupanda mita 5 badala ya 4. Yakashindwa kabisa. Kwa siku tatu mama yetu hakuoga maji ya moto ila yaliyochemshwa jikoni kwa kuni, na mnara mpya wa chuma umesimama uani unang'aa.

Katika hali hiyo alitupigia simu kijana mmoja tuliyemfundisha Juzuu Amma zamani, ambaye leo anaishi Leicester huko Uingereza, nchi ambayo nyumba zake hupashwa joto kwa maji ya moto yanayozunguka ndani ya mabomba na masanduku ya chuma yaliyobandikwa ukutani. Alikuwa anatuulizia hali, nasi tukamlalamikia maji. Akacheka akasema, "Maalim, mimi nami nimetoka katika msiba huo huo." Akatueleza kwamba maji ya namna ile yamefungwa, hayatoki nje wala hayaongezwi ila kwa koki maalumu, na iko saa ndogo yenye mshale ambao maji yakiwa baridi hutakiwa kusimama baina ya baa 1 na 1.5, na yakipata moto hupanda kidogo. Mshale wake ulikuwa ukishuka kila siku mbili. Alikuwa akiongeza maji, unapanda, kisha unashuka tena, naye akiongeza tena, mpaka fundi mzee alipomwambia: acha kuongeza, anza kutenga. Wakafunga koki zilizoko chini ya mtambo wa kupashia, wakalala. Ikiwa asubuhi mshale haukuteremka, basi uvujaji uko katika mabomba ya nyumba. Ukiwa umeteremka, uko ndani ya mtambo wenyewe. Mshale haukuteremka. Wakainua mbao za sakafu, wakakuta kiungo kimoja kinatoa jasho.

Maneno hayo yalitugusa, kwa sababu ndivyo walivyofanya wazee wa Kichagga katika mifongo yao, ile mifereji waliyoichimba kwa mikono kuleta maji mashambani. Maji yakipungua chini, mzee hakusimama shambani kwake akamlaani mwenzake. Alipanda kuufuata mfongo toka juu, kila tawi akaliziba kwa udongo na majani ya mgomba, akatazama maji yamezidi au hayakuzidi. Sisi tumezaliwa papa hapa Rau, tumeyaona hayo utotoni, na ilibidi tukumbushwe kutoka Leicester.

Basi siku ya Jumamosi, baada ya swala ya isha, tulifunga kila bomba. Tuliwakataza watoto choo cha ndani, tukaenda langoni na tochi kuitazama mita. Mita nyingi za maji ya nyumbani zina kigurudumu kidogo juu ya uso wake, ambacho huzunguka hata maji yakiwa machache. Nyumba ikiwa imefungwa yote, kigurudumu hicho hakina haki ya kuzunguka. Chetu kilikuwa kinazunguka upesi. Tulishika saa tukahesabu: lita 4 kwa dakika moja. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo haifiki lita moja. Kwa hiyo kila dakika moja tulikuwa tukiupoteza udhu wa watu watano. Kwa siku moja ni lita 5,760. Tena hati za maji zilikwisha tuambia: mwezi wa Mei uniti 34, mwezi wa Juni uniti 61, kila uniti lita 1,000. Sisi tulisema mita imeharibika.

Kisha tukatenga. Barazani kwetu bomba hugawanyika mara tatu: tawi la kutawadhia, tawi la jikoni na bafu, na tawi la tangi na chombo cha juani. Tulifunga la kwanza, kigurudumu kikazunguka. La pili, kikazunguka. Tulilitegemea la tatu, kwa kuwa lile boya la tangini lilikuwa kuukuu na twalidhania linapitisha. Tukafunga, na kigurudumu hakikujali. Kwa hiyo ubaya haukuwa katika matawi yote matatu. Ulikuwa baina ya lango na baraza, hatua ishirini na tano za ardhi, na juu ya ardhi hiyo imo migomba yetu.

Hapa, ndugu wasomaji, tulikaa chini juu ya ngazi. Maana mmoja katika migomba hiyo mwaka ule ulizaa mkungu ambao haukupata kuonekana katika ua wetu. Tuliwaonyesha wageni. Tulisema ni kazi ya samadi. Mwezi wa Juni tulikata vichane viwili tukampelekea yule yule mjane tuliyekuja kumsema Ijumaa, naye akatushukuru sana. Na tulikumbuka tena jambo jingine: miaka tisa iliyopita, tulipokuwa tukichimba shimo la mgomba huo, jembe letu wenyewe lilipiga bomba. Tulilifunga kwa utepe wa mpira wa baiskeli, tukasema ni kwa muda, kesho tutamwita fundi, tukafukia.

Asubuhi tulichimba. Kwa kina cha dhiraa moja udongo ulikuwa tope, na mpira umeoza kama ngozi ya ndizi. Kijana fundi alikata kipande kile cha bomba, akatia kipya na viungo viwili. Kazi ya saa mbili, na gharama yake haikufika robo ya ule mnara. Alikuwa na geji ya presha. Kabla ya kazi, mabomba yote yakiwa yamefungwa, ilisoma nusu baa. Baada ya kazi ilisoma 1.8. Tulimwuliza, yawezekanaje tundu dogo hivi liangushe nguvu kiasi hicho? Akatuonyesha kipande alichokikata: kutu imekijaza ndani hata njia iliyobaki ni ya unene wa kalamu. Akasema laini nzima ya njiani ni namna hiyo. Maji yakisimama katika bomba jembamba, nguvu yake yote hufika mwisho. Yakienda, njia huila nguvu hiyo, nalo tundu letu lilikuwa halilali, likiyaendesha maji usiku na mchana. Ndiyo maana bomba ambalo lina nguvu likiwa limefungwa, kisha likifunguliwa likanyong'onyea, mara nyingi limeziba mahali. Na lile ambalo halina nguvu hata likiwa limefungwa, hali majirani wa juu wanayo, litafutwe linakovujia. Vilevile ikiwa maji ya moto peke yake ndiyo dhaifu, mtu asichimbe ua, atazame chombo chake na koki zake.

Maneno hayo ya fundi yalitufungulia jambo tusilolitaka. Laini ni moja, na mjane yuko mwisho wake. Siku ya pili mjukuu wake alikuja mbio akasema, "Shikamoo Mwalimu, Bibi anauliza, ninyi ndio mliokwenda kutuombea kwa watu wa maji? Yanatoka mpaka yanarusha ndoo."

Tulikwenda wenyewe. Tulimkuta anakamua. Tulisema yote: tundu, mpira wa baiskeli, mgomba, na maneno yetu ya Ijumaa. Kumbe yalimfikia siku ile ile. Alituonyesha pampu yake, ambayo ni mikono yake miwili na ndoo sita. Alikuwa akiamka saa nane za usiku kwa kuwa ndiyo saa ambayo watu wengine wamelala, na uzi mmoja wa maji humfikia kwa ajili ya ng'ombe. Alinyamaza kitambo, akaendelea kukamua. Kisha akasema, "Basi Mwalimu, zile ndizi ulizoniletea zilikuwa za maji yangu."

Hatukuwa na la kujibu. Ijumaa iliyofuata tulisimama mahali pa kutawadhia, tukawangoja watu wale wale wafike, wawili hawakuja na tuliwafuata makwao, tukasema tulisema uongo. Ule mnara tumeushusha, na chuma chake tumekiuza. Fedha yake ndiyo ya kwanza katika mchango wa nyumba saba wa kubadili ile laini ya njiani, na daftari la mchango huo analiweka yule mama.