Sikio la Anayeshika Usukani

 

Gari la petroli lina ngurumo yake, na ngurumo hiyo husitiri mengi. Bushi iliyochakaa au beringi iliyokauka husikika kwa shida, kama mnong'ono katika ukumbi wa harusi. Gari la umeme halina stara hiyo. Likipita polepole mtaani husikii ila matairi, na kila kilicholegea hujitaja chenyewe. Hapa Nairobi si mageni tena. Teksi za Nissan Leaf zilianza kuonekana mwaka 2018. Betri ya Leaf za mwanzo ina uzito unaokaribia kilo 300, na mzigo kama huo, ujapokuwa hauonekani, magurudumu yanaujua.

Dada yangu mdogo anaishi Umoja, naye ni mjane. Riziki yake ni gari dogo la umeme lililotumika Japani, ambalo kila asubuhi huwapeleka shule watoto wanne wa majirani, na alasiri huwashusha madrasa. Jina la gari silitaji, kwani aibu haikuwa ya walioliunda bali ya mashimo na matuta ya Eastlands. Mwezi mmoja usukani ukaanza kulia.

Alilipeleka kwa fundi wa karibu. Fundi akalizungusha mara moja, akamwambia kwamba reki ya usukani, ule mhimili wa meno unaosukuma magurudumu kulia na kushoto, imekufa yote na sharti inunuliwe nyingine. Bei yake ilikuwa mapato yake ya miezi miwili. Alipotaka kueleza mlio ulivyo, akaambiwa, "Mama, niachie mimi." Kisha akashauriwa kuwa, kwa sasa, aongeze mafuta ya usukani.

Hapo ndipo nilipoingiwa na shaka. Usukani wa gari lile husaidiwa na mota ya umeme. Hauna chupa ya mafuta wala mpira wa kuyapitisha. Nilimwambia asilipe kitu, wala asiwapakie watoto mpaka tujue.

Tukaketi sebuleni kwake, nikamhoji kama kadhi anavyomhoji shahidi: si "unadhani ni nini," bali "ulisikia nini, wapi, na wakati gani." Naye, ambaye hajawahi kushika spana, alikuwa na majibu yote. Mlio ni kama wa mlango wa kale unaofunguliwa. Hutokea usukani unapozungushwa, hata gari likiwa limesimama. Akipita kwenye tuta hali anakwenda moja kwa moja, kimya. Unatokea chini, upande wa kushoto. Asubuhi za mvua hupungua.

Ushahidi huo peke yake ulikwisha kufuta mashaka mengi. Mlio wa tak-tak-tak wakati wa kukata kona kali huku umekanyaga mwendo, aghalabu ni wa sivi-jointi, kiungo cha ekseli ya mbele. Kishindo cha kugonga juu ya matuta, bila kugeuza usukani, mara nyingi hutoka kwenye linki za stabilaiza au bushi. Mchakacho kama wa karatasi ndani ya usukani wenyewe huenda ukawa wa ule utepe uliojiviringa unaopeleka umeme kwenye honi na mfuko wa hewa. Huo asiuguse mtu kabla ya kutenganisha betri ndogo ya volti 12 na kungoja kidogo, kwani mfuko huo unaweza kufyatuka usoni pake. Lakini kukwaruza kama mlango, hali gari limesimama, huelekeza pahala pawili hasa: beringi iliyo juu ya springi ya mbele, au boljointi, kifundo cha duara kinacholishika gurudumu na kuliruhusu kugeuka.

Tulikwenda Kariobangi, kwenye karakana za Light Industries, kwa kijana mmoja mpole. Alinisalimia, "Sheikh, karibu," kisha akamgeukia dada yangu. "Mama, hebu lia kama linavyolia." Dada akalia. Kijana akacheka, akamtaka akae ndani azungushe usukani, naye akaweka kiganja juu ya springi. Springi ilitulia. Akashusha mkono hadi boljointi ya kushoto, akaacha kucheka.

Kifuniko chake cha mpira kilikuwa kimepasuka, grisi imekwisha, ndani mna kutu na vumbi. Akaliinua gari kwa jeki, akalitikisa gurudumu kwa juu na chini, likacheza. Kifundo hicho kikichomoka, gurudumu hulala na gari halishikiki. Nilifikiria barabara ya Outer Ring saa moja asubuhi, na watoto wanne kiti cha nyuma na cha mbele.

Alibadilisha ya kushoto na ya kulia. Zile nyaya nene za rangi ya chungwa, zipitishazo umeme wa mamia ya volti, hakuzigusa, wala kazi ile haikumhitaji azifikie. Kisha tukaenda kupimiwa mwelekeo wa magurudumu, ambalo ni jambo la lazima baada ya kazi kama hiyo. Gharama yote haikufika sehemu ya kumi ya ile bei ya reki. Wanazuoni wetu walijadili tangu zamani dhamana ya fundi aliyekabidhiwa mali ya mtu. Sijaona walipompa ruhusa ya kutomsikiliza mwenye mali.

Basi, ewe mama unayeendesha, kabla ya kwenda gereji andika katika karatasi: mlio ni wa namna gani, upande gani, gari likienda au limesimama, usukani ukigeuzwa au umenyooka. Msomee fundi. Akikukataza kusoma, chukua ufunguo wako.

Wiki iliyofuata dada alinipigia simu tena. Mlio mpya, mlango wa abiria, kwenye matuta tu, kama kokoto. Nikamtaka aingize mkono ndani ya mfuko wa mlango. Akatoa gololi mbili.