Safari ya Miti na mbegu zilizokataa kuota



Juma hili ninawapeleka safari fupi, kutoka Bukavu hadi Miti, katika eneo la Kabare. Si mbali. Lakini sisi wamama 14 wa muso yetu tulihitaji safari hiyo ili kujua kwamba tulimtendea mwenzetu vibaya.

Mambo yalianza na seleri. Ninyi wote mnajua: sufuria ya maharagi bila seleri haina harufu ya nyumbani, na kila siku tunatoa feza sokoni Kadutu kwa vijiti vitatu tu. Tukasema, tupande wenyewe kwenye parsele zetu. Kila mmoja alitoa franka 2,000. Mtunza feza wetu, mama kijana aliyefiwa na bwana yake mwaka uliopita, ndiye tuliyemtuma. Akatuletea kopo moja la mbegu za seleri na pakiti ya persili, tukagawana kwa kijiko cha chai.

Lenga-lenga huota siku ya nne ao ya tano. Maharagi hayamalizi juma moja na nusu. Seleri yetu, siku ya kumi, hakuna. Siku ya kumi na mbili, hakuna. Wengine walikwisha kufukua udongo na kupanda vitunguu.

Kwenye mkutano maneno yakatoka. Mmoja akasema mbegu ni za zamani, zimenunuliwa kwa bei ya chini, basi feza iliyobaki iko wapi? Mwingine akasema kwa sauti ndogo kwamba mkono wa mtu mwenye msiba haupande kitu kikaota. Mama kijana hakujibu. Aliweka ufunguo wa kasha juu ya meza, akatoka. Na mimi, ambaye kila siku ninawaambia watoto wa darasa la tano kwamba hatuhukumu kabla ya kuchunguza, nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu hata kwangu hakuna kilichoota.

Usiku huo sikulala vizuri. Siku ya posho nilienda kwake asubuhi, nikamwomba achukue lile kopo twende wote kwa mama mmoja wa upande wa Miti, ambaye tangu miaka mingi anaotesha miche ya mboga na kuiuza. Hakutaka. Nikamwambia, «Twende. Kama mbegu zimekufa, tujue. Kama hazikufa, pia tujue.»

Tulipanda taksi, magoti yetu yakigusa kiti cha mbele, tukishika njia ya kwenda Kavumu. Ziwa Kivu lilionekana na kupotea upande wa kuume. Pale Mudaka wamama walikuwa wameinama chini ya mizigo ya ndizi, kamba kwenye paji la uso. Baada ya hapo hewa ilikuwa baridi zaidi, na upande wa kushoto mlima Kahuzi ulikuwa umefunikwa na wingu. Miti ndipo njia inagawanyika: moja inaendelea Kavumu na Katana, nyingine inapanda Tshivanga, kwenye mlango wa mbuga ya Kahuzi-Biega. Tulishuka hapo, tukatembea kati ya migomba mpaka bondeni, mahali ambapo maji hayakauki hata mwezi wa saba.

Mama yule alikuwa kwenye kitalu chake, chini ya kivuli cha majani ya migomba yaliyotandikwa juu ya vijiti, majani machache tu, mwanga unapita. Alitukaribisha, akatupa kigoda, akasikiliza habari yote bila kukatiza. Kisha akamwaga mbegu chache kwenye kiganja chake.

«Mwalimu, hii ni mbegu ao ni vumbi?»

«Ni kama vumbi, mama.»

«Na mliizika namna gani?»

Nikamwonyesha kwa kidole, mpaka kiungo cha kwanza, kama tunavyofanya kwa maharagi. Alicheka mpaka akajifuta macho.

«Haragi inabeba chakula chake mgongoni. Hii imebeba nini? Mliizika mzima mzima.»

Hapo alianza kutufundisha, na ninawaandikia kama nilivyoandika kwenye daftari.

Mbegu ya seleri inahitaji mwanga ili iamke. Haifunikwi. Chukua beseni la zamani lenye matundu chini, weka udongo laini uliochungwa. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisishikamane, zimwage juu ya udongo, kisha zikandamize polepole kwa kiganja. Basi.

Usimwagie maji kwa kopo, utazisukuma zote pembeni. Weka beseni lako ndani ya lingine lenye maji kidogo, udongo unywe kutoka chini, kisha litoe. Funika juu kwa sashe inayoonyesha, na kila asubuhi uifungue kidogo ili hewa ipite. Udongo ukikauka hata siku moja wakati mbegu imekwisha kuanza kuamka, imekufa kweli.

Seleri inapenda baridi ya kiasi, digri 15 hadi 21. Bukavu kwetu hewa ni hiyo. Lakini ukutani, karibu na bati, saa sita mchana, si Bukavu tena. Weka kivulini penye mwanga.

Persili iko tofauti kidogo. Ngozi yake ina kitu kinachozuia kuota. Iloweke usiku mmoja katika maji ya vuguvugu, mwaga maji hayo, kisha panda na kufunika kwa udongo mwembamba kama nusu ya ukucha. Na mbegu za persili hazikai miaka mingi. Nunua za mwaka huu.

Jambo la mwisho ndilo lililotuhukumu: seleri inachukua majuma 2 hadi 3, na persili inaweza kufika majuma 4. Sisi tulifanya mkutano siku ya kumi na mbili.

Tulipokuwa tunaaga, mama yule alimshika mwenzangu mkono, akaugeuza, akaangalia kiganja. «Mkono huu hauna kitu,» akasema. «Una kazi tu.»

Tulirudi. Nyumbani kwangu tulihesabu mbegu 20 za lile kopo, tukaziweka juu ya kitambaa kibichi kwenye sahani, tukafunika kwa glasi, karibu na dirisha. Jaribio hili kila mama anaweza kulifanya kabla ya kulaumu muuzaji ao jirani. Siku ya kumi na tano nikaona vidoti vya kijani. Siku ya ishirini na moja zilikuwa zimeota 13.

Nilipeleka sahani ile kwenye mkutano. Nilisema kwanza kosa langu, kwamba nilinyamaza siku ile. Kisha nikapitisha sahani kutoka mkono hadi mkono. Yule aliyesema habari ya msiba aliiangalia muda mrefu, akapitisha bila neno. Juma lililofuata alionekana akibisha mlangoni kwa mama kijana na kikapu cha viazi.

Sasa wamama 9 wana miche. Itakaa kama miezi 2 kwenye beseni kabla ya kuhamishwa, kwa hiyo sufuria zetu bado zinanunua Kadutu. Mama kijana amerudi kwenye mikutano, anakaa karibu na mlango. Ufunguo wa kasha bado uko kwangu. Nimemwambia ni wake siku atakapoutaka, na sitamharakisha.