Doa Lisilosogea

Wiki moja kabla ya kuondoka Malawi nilikwenda Nathenje kumuaga mama mwenye nyumba. Kwake nilipanga miaka ile nilipouza maharage sokoni, kabla serikali haijaamuru mwaka 2023 wakimbizi wote turudi kambini Dzaleka. Sasa ilikuwa Julai 2024. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu ndege ya Makamu wa Rais, Saulos Chilima, ianguke katika msitu wa Chikangawa na kuua wote tisa waliokuwemo. Mama yule alinishika mikono yote miwili, hakutaka kuiachia. "Mwanangu, kwani hakuna basi la kufika huko?"

Halikuwepo. Siku ya safari basi lilitutoa Dzaleka alfajiri, likapita Lumbadzi, likatushusha uwanja wa ndege wa Kamuzu, kila mmoja na mfuko wa IOM, shirika la uhamiaji, shingoni wenye karatasi zake. Miaka kumi na mmoja ya kambi ilikuwa ndani ya mfuko ule. Wanangu wawili walisinzia hata kabla ndege haijaacha ardhi. Mimi niling'ang'ania kiti kama nilivyong'ang'ania ubao wa mtumbwi tulipokimbia Fizi, Kongo, kwa njia ya ziwa.

Jirani yangu alikuwa mzee Mkenya, mwongoza ndege mstaafu. Aliviona vidole vyangu.

"Unaogopa nini hasa, mama?"

"Mzee, kule Nathenje watu wanagongana na barabara wanaiona. Huku juu sioni hata njia."

Hakunicheka. Aliniambia njia zipo, ila zimepangwa kama ghorofa. Waendao upande wa mashariki hushika futi 35,000 au 37,000; wanaokwenda magharibi hushika 36,000 au 38,000. Kati ya ghorofa na ghorofa pana futi 1,000, kama mita 300 hivi. Tukiwa juu ya Tanzania akanigusa bega: ndege nyeupe ilipita chini yetu ikielekea tulikotoka, ikatoweka kabla sijawaamsha watoto waione.

"Hapa si pabaya," akasema. "Pabaya ni karibu na uwanja. Pale ghorofa zinakwisha. Wote wanashuka kwenye mlango mmoja, na wengine wanatokea humo humo."

Nikamuuliza rubani anaijuaje ndege itakayomgonga. Akaniuliza kama nimewahi kupanda baiskeli ya kukodi. Nani wa Nathenje hajapanda kabaza? Basi, akasema, ukiwa umekaa nyuma na kabaza nyingine inakuja kwa njia ya pembeni, itazame. Ikisogea kuelekea mbele, itakutangulia. Ikisogea kuelekea nyuma, utaitangulia wewe. Ikibaki pale pale huku inazidi kuwa kubwa, ruka.

Angani ni hivyo hivyo. Ndege ya hatari ni doa lisilosogea kwenye kioo, na jicho la binadamu huvutwa na kinachosogea. Doa lile hufanana na inzi aliyeganda. Ndege mbili zinazokabiliana, kila moja ikienda kilomita 400 kwa saa, humaliza kilomita 2 zilizo kati yao kwa sekunde 9. Ndiyo maana kuna rada na sauti za mnara wa waongoza ndege, na ndege kubwa zina chombo kinachosikiliza ishara za ndege nyingine na kumwamuru rubani apande au ashuke. Amri hiyo hairuhusiwi kupingwa, hata mnara ukisema vingine. Mwaka 2002, juu ya Überlingen nchini Ujerumani, chombo kilimwambia rubani wa ndege ya Tupolev apande, mwongozaji akamwambia ashuke. Akashuka. Ndege ya pili nayo ilikuwa inashuka kwa amri ya chombo chake. Walikufa watu 71, wengi wao watoto. Mzee alilisema hilo polepole, akiwatazama wanangu waliolala.

Tulipokaribia Nairobi alinionyesha mbuga ya wanyama upande wa kushoto, na ng'ambo yake uwanja wa ndege wa Wilson. Akasema Machi 5, 2024, ndege ya Safarilink aina ya Dash 8 iliruka hapo ikielekea Diani na watu 44. Juu ya mbuga ile ikagongana na ndege ndogo ya Cessna ya shule ya urubani. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Ndani ya Cessna walikufa wote wawili, mwanafunzi na mwalimu wake.

Nikaacha kuongea, nikaanza kutazama. Kweli lilikuwepo doa jeupe, dogo kama punje ya mchele, juu kidogo ya ukingo wa dirisha. Nilibandika ncha ya kidole kwenye kioo juu yake, nikahesabu moja, mbili, tatu. Likatoka chini ya kidole, likateleza kuelekea mkiani.

"Limesogea," nikasema.

"Ahsante Mungu," akajibu mzee, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Nimefika nilikokuwa nakwenda, na wanangu wako shule. Lakini nawaza juu ya yule mwanafunzi, aliyekuwa akijifunza kazi katika anga moja na abiria wa Diani. Ndege nyingi ndogo hazina chombo kile cha kuonya. Wenye mamlaka wa anga zetu, ninyi mnaojua haya kuliko mimi, wapeni wanaojifunza chombo hicho, na sehemu yao ya mbingu.