Kung'arisha ni Kupunguza

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Msemo huu ni fimbo ya haki juu ya mgongo wa mvivu, lakini si sheria ya kila kazi. Shamba lililolimwa vibaya mwaka huu huweza kulimwa vema mwaka ujao. Ziko kazi nyingine ambazo kosa lake halina msimu wa pili. Mojawapo ni kuondoa mikwaruzo katika rangi ya gari. Katika kazi hiyo, kuchagua dawa na pedi ni nusu ya kazi yenyewe.

Watu wengi hudhani kuwa kung'arisha ni kuongeza kitu juu ya rangi. Nta huongeza, dawa ya kusugulia hupunguza. Mkwaruzo ni bonde, na bonde halitoweki ila kwa kushusha vilima vilivyo kando yake. Je, vilima hivyo vina kimo gani? Katika magari mengi ya siku hizi rangi yote ya kiwandani, tangu bati hadi juu, ni kiasi cha maikroni 100 hadi 150, na vanishi inayoilinda ni kiasi cha 35 hadi 50 tu. Maikroni 1,000 hufanya milimita moja. Basi akiba yote ya mng'aro kwa kawaida ni nyembamba kuliko unywele, na kila usuguaji huchota humo.

Haya niliyajua kwa sababu ya gari la marehemu baba yetu, ambalo dada yangu mkubwa alilirithi. Ni gari jeusi, na weusi hutangaza ila. Juani boneti yake ilionekana kama imetandwa na buibui. Dada alilipeleka katika karakana moja, nalo likapokewa kwa pedi ya sufu, dawa ya chembe kali, na mashine ya kasi inayozunguka kwenye mhimili mmoja. Utando ulitoweka kwa muda mfupi. Lakini katika ukingo wa boneti, mahali ambapo rangi huwa nyembamba na joto hukusanyika upesi, vanishi iliisha na rangi ikababuka. Aliyefanya hivyo alikuwa hodari wa mikono. Alilopungukiwa ni subira ya kuchagua.

Fundi wa pili, nami nikiwapo, aliliosha gari, akaondoa uchafu ulioganda, akapima unene wa rangi kwa kipimo chake, akafunika kingo kwa utepe. Kisha alichagua mraba mdogo mlangoni, akaanza na silaha dhaifu kuliko zote: pedi laini ya sponji na polishi ya chembe ndogo. Mikwaruzo haikutoka yote. Hata hivyo hakurukia sufu. Alibakiza polishi ile ile, akatwaa sponji ngumu zaidi. Maana pedi nayo ina makali yake, na dawa moja hukata zaidi juu ya pedi ngumu kuliko juu ya laini. Iliposalia mikwaruzo michache, ndipo alipopanda ngazi moja ya dawa. Kila mara alifuta kwa alkoholi iliyozimuliwa, kwa kuwa mafuta ya dawa huweza kujaza mabonde na kulidanganya jicho. Mwisho alirudia sponji laini, safi, ili kuondoa ukungu ulioachwa na dawa kali.

Nilimwuliza kama rangi ya pedi ndiyo iliyomwongoza.

"Hapana, Mwalimu," alijibu. "Kila kiwanda kina rangi zake. Bonyeza pedi kwa kidole, kisha uiulize rangi ya gari lenyewe. Gari jingine vanishi yake ni ngumu, jingine ni laini."

Ulibaki mstari mmoja karibu na kitasa cha mlango wa dereva, uliochorwa na funguo za baba kwa miaka mingi. Ukucha ulikwama ndani yake. Fundi alisema kuwa angeweza kuufuta, lakini chini yake pasingesalia vanishi ya kutosha kuhimili jua. Dada alitazama kwa muda, kisha akasema, "Uache. Punguza makali yake tu." Nami niliona kuwa amenena vema, wala si kwa mapenzi ya marehemu peke yake. Ila inayoonekana ilikuwa haba kuliko hasara ya kuiondoa.

Kwa hiyo, msomaji, ukisimama mbele ya rafu ya dawa na pedi, usiulize ipi ina nguvu kuliko zote. Uliza ipi ni dhaifu kuliko zote miongoni mwa zile zinazotosha. Mng'aro wa leo hulipwa kwa vanishi ya kesho, na hakuna polishi irudishayo iliyokwisha kuondoka.