Lori Lililosimama Keumbu

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na sababu ni lori ambalo hata halipo.

Mimi na binamu yangu tunaunda programu ya kuigiza msafara wa malori ya jeshi kutoka Kisii mjini hadi Sotik. Kila mtu na kompyuta yake, hapa nyumbani Nyanchwa. Jioni moja, kwangu lori la tatu limeharibika na kusimama Keumbu. Kwake limeshavuka Keroka, linakimbia tu! Nikamwambia amevuruga data yangu. "Kaka, mimi sijagusa lori lako." Tukalala tumenuniana.

Wanajeshi walilijua tatizo hili zamani. Mradi wa SIMNET wa DARPA, ulioanza Marekani mwaka 1983, uliunganisha mitambo ya mazoezi ya vifaru kwa mtandao. Hakukuwa na kompyuta moja kuu inayojua yote. Kila moja ilikuwa na nakala yake ya uwanja wa vita. Ili mtandao usijae, kila kompyuta ilikisia walipo wenzake kwa kasi na mwelekeo wa mwisho iliopewa. Mwenye kifaru alifanya kisio lilelile pembeni, na ukweli ukipishana nalo mno ndipo akatuma habari mpya. Kiwango cha HLA, kilichopitishwa na IEEE mwaka 2000 kama 1516, kinadai zaidi: kila sifa ya kitu iwe na mmiliki mmoja tu kwa wakati mmoja. Umiliki waweza kuhamishwa, lakini asiye nao haandiki.

Mbona ukali huo? Kumbukeni zoezi la Marekani la Millennium Challenge, mwaka 2002, lililogharimu dola milioni 250. Paul Van Riper, jenerali mstaafu aliyeongoza upande wa adui, alizamisha meli 16. Wasimamizi wakazifufua ili zoezi liendelee. Sasa chukua data ya mwisho peke yake: meli zinaelea! Kama haikuandikwa nani alizifufua, lini na kwa nini, kuna afisa atakayejifunza uongo, na wanaopelekwa vitani kwa uongo huo ni watu wenye mama zao.

Kumbukumbu zetu ziliandika tu "mahali pamebadilika". Nikaongeza safu tatu: nani, saa ngapi, na kama ni habari ya mwenyewe au ni kisio. Nikaendesha tena. Mistari yote ya Keroka ilikuwa makisio, na ujumbe wa mwisho kutoka kwangu ulisema lori liko mwendoni. Programu yangu ilituma habari pale tu lori liliposogea. Liliposimama halikusema kitu, kwa hiyo kompyuta ya binamu ikaendelea kuliendesha kwa imani. Kosa langu tupu.

Nimemwomba radhi, amekubali. Ila sasa lori la tatu linamilikiwa na kompyuta yake, na mimi nina ruhusa ya kulitazama tu.