Dirisha Tulilokosa Jina Lake



Wifi yangu anajenga Makambako. Juzi alinipigia simu: "Wifi, yale madirisha yenu yaliyochomoza juu ya bati mnayaitaje? Nataka kumwambia fundi." Nilinyamaza kidogo. Swali hilo lilitugharimu.

Tulipojenga hapa Njombe mwaka 2016, mume wangu alitaka watoto walale darini. Akamwambia fundi aweke "dirisha la juu", maana hatukuwa na neno lingine. Waingereza huliita dormer, neno walilolipata kwa Wafaransa, na asili yake ni mahali pa kulala. Sisi tuna dari, tuna paa, tuna dirisha, lakini kidirisha kinachosimama katikati ya bati na kipaa chake hatujakubaliana tukiiteje. Fundi akaelewa urembo. Alitutengenezea viwili vya kupendeza, wapita njia wakawa wanasimama kutazama, nami nilijivuna, sitaficha. Vioo vilikuwa vya kudumu, bila bawaba wala komeo. Sikujali. Kwa baridi yetu, nani afungue dirisha?

Julai, usiku mmoja, binti yetu mkubwa alipandisha jiko la mkaa chumbani. Nilipopanda kusali nao nilimkuta mdogo akitapika na mkubwa ameshika kichwa, akiongea maneno yasiyoeleweka. Ilikuwa hewa ya mkaa, kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, nayo huchukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Mume wangu alivunja kioo kwa kiti, tukawatoa nje, tukakimbilia hospitali. Waliwekewa oksijeni, wakapona.

Na mimi ndiye ninayewafundisha akina mama kliniki wasilale na jiko la mkaa!

Fundi alipokuja kurekebisha alisema taratibu, "Mama, mngeniambia ni la kupitisha hewa." Sikuwa na jibu.

Basi nikamjibu wifi: mwambie ni dirisha la chumba cha kulala cha darini, lenye bawaba, linalofunguka kwa mkono wa mtoto. Na nondo aweke, asije akaanguka mtu kama Eutiko wa Matendo 20. Jiko la mkaa lisipande huko hata dirisha likiwa wazi.

"Wifi, hilo si jina, ni hotuba," akacheka.

Nikamwambia amwandikie fundi hivyo hivyo.