Askari, Mwenye Gazeti, Mchungaji: Habari za George Washington Williams



Huku kwetu Masisi na Walikale kuna swali lisilotuachia usingizi. Vijana wanaliuliza kwenye mkutano wao, wazee wa kanisa wanaliuliza kwenye baraza, na wamama wanaliuliza kwa sauti ndogo wakitoka shambani. Mtu aliyebeba bunduki, akaiweka chini, akafungua duka au akaanza kununua madini, kisha akaokoka: je, tumpe mimbara? Kijana mmoja aliniuliza bila kuzunguka: «Mchungaji, mutu mwenye alishikaka bunduki, leo anashika Biblia mbele yetu, tumusikilize namna gani?»

Nilimpa habari za mtu ambaye wengi huku hawajamsikia, ingawa alikanyaga Kongo hii zamani sana, kabla ya babu zetu kujua neno kasiterite.

George Washington Williams alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Pennsylvania, mwaka 1849. Akiwa na miaka 14 alitoroka nyumbani akaingia jeshini kwa jina la uongo, wakati Wamarekani wanapigana wao kwa wao. Kadogo kabisa! Sisi tunawajua makadogo, tuliwaona kwa macho yetu tangu 1996. Vita ilipoisha, kurudi nyumbani hakuweza. Alivuka mpaka akapigana Mexico, halafu akajiunga tena na jeshi la Marekani, kikosi cha weusi wapanda farasi. Mwaka 1868 risasi ilimpiga kwenye pafu, na jeshi likamwachilia. Wakati ule hakukuwa na P-DDRCS wala kambi ya Mubambiro. Alikuwa na kidonda kifuani, na hata kuandika barua aliandika kwa shida.

Sasa tazameni. Mwaka 1874 mtu huyo huyo alimaliza shule ya uchungaji ya Newton, karibu na Boston, mweusi wa kwanza kumaliza pale. Akabarikiwa, akapewa kanisa la Kibatisti la Twelfth Baptist, mjini Boston. Mwaka uliofuata alihamia Washington akafungua gazeti lake, The Commoner. Biashara hiyo ilikufa baada ya matoleo nane. Akaenda kuchunga kanisa lingine la Kibatisti huko Cincinnati, akasoma sheria, na mwaka 1879 akachaguliwa katika bunge la jimbo la Ohio. Hapo pia alikuwa mweusi wa kwanza. Mwaka 1882 akaanza kutoa historia ya watu weusi wa Marekani, vitabu viwili vinene.

Sitaki kumpaka rangi nyeupe. Madeni yalimfuata kila mji. Alitengana na mke wake. Mimbara aliiacha mapema, sababu moyo wake haukutulia mahali pamoja. Mwenye kutafuta mtakatifu wa kutundika ukutani atafute mwingine.

Lakini sikieni alivyofika kwetu. Mwaka 1889 alionana na mfalme Leopold kule Brussels, akamwamini. Mwaka huo huo alikwenda kwenye shule ya Hampton, kwao Marekani, kutafuta vijana weusi waje kufanya kazi Kongo kwa kampuni moja ya Wabelgiji. Vijana wakamuuliza maswali juu ya nchi hiyo, naye hakuwa na majibu. Basi akaamua aje aone mwenyewe. Mwaka 1890 alipanda mto mpaka Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Maji ya Oso na Lowa, haya tunayovuka Walikale, yanaingia Lualaba na kupita palepale.

Tarehe 18 Julai 1890, akiwa hapo Stanley Falls, aliandika barua ya wazi kwa mfalme. Alieleza namna machifu walivyodanganywa: mzungu anaficha waya wa umeme ndani ya nguo, anamshika chifu mkono, chifu anatetemeka na kufikiri huyu ana nguvu za kung'oa miti. Alieleza vijiji vizima vilivyochukuliwa kwa masanduku machache ya pombe kali. Aliandika kwamba serikali iliyojisifu kupiga vita utumwa ilikuwa yenyewe inanunua watumwa, pauni 3 kwa kichwa, ili wawe askari. Na aliandika juu ya vituo vya askari ambavyo raia walilazimishwa kuvilisha samaki, mbuzi, kuku na mboga, mdomo wa bunduki ukiwaelekea.

Kwa neno hili la mwisho, mimi nafikiri ndipo uaskari wake ulipomfaa. Mgeni mwingine angeona kijiji maskini tu. Yeye aliwahi kubeba bunduki na kulala na njaa, alijua askari asiyelipwa anakula wapi. Nanyi wa Rubaya, wa Ngungu, wa Kibua, mwenye kutoa kuku na franga kwenye barière, mnajua bila kufundishwa. Yohana Mbatizaji naye aliwajibu askari neno hilohilo, soma Luka 3:14.

Watu wa mfalme walimchafua jina. Hakuishi kuona mwisho: alikufa Blackpool, Uingereza, tarehe 2 Agosti 1891, ana miaka 41. Kaburi lake lilikaa bila jina mpaka 1975, mwanahistoria John Hope Franklin alipoliwekea jiwe. Dola ya Leopold ilikwisha 1908.

Njia hiyo huku kwetu wengine waliifuata kinyume. Ntabo Ntaberi Sheka wa Walikale alikuwa kwanza mtu wa biashara ya madini, ndipo mwaka 2009 akaanzisha kikundi cha NDC. Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ilimhukumu kifungo cha maisha. Kwa hiyo kuwa na depo ya madini si cheti cha kwamba mtu ametoka porini.

Katika parokia yetu yuko mmoja, jina naliacha. Alitoka msituni, sasa ananunua kasiterite, analipa wachimbaji vizuri, na ameleta mabati ya kuezeka kanisa. Wazee kadhaa walitaka apewe mahubiri Jumapili ya sikukuu ya mavuno. Mimi niliwasomea 1 Mambo ya Nyakati 28, Daudi mtu wa vita alivyokatazwa kujenga nyumba ya Mungu, ingawa alikusanya vifaa vyote. Wakakasirika kidogo. Ndipo mama mmoja mjane akasimama, akamgeukia yule ndugu: «Baba, mahubiri yako tutasikia kisha. Kwanza utuambie kikundi chenu kilipitaka wapi ule mwaka watu wetu walipotea.»

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaomba wawekwe watu watatu wa kumsikiliza, na huyo mama awe mmoja wao. Wameketi naye mara mbili. Mabati yako bado ndani ya stoo.